Kumpanda tena farasi aliyefanyiwa upasuaji: hatua kwa hatua, bila haraka

Farasi kapasuliwa, kapona, kovu limefunga, anakula vizuri na manyoya yameanza kung'aa tena. We nawe miezi yote hiyo ni kuzoa mavi na kumtembeza kwa kamba, hamu ya kupanda imekukaba kooni. Sasa hapa ndo pa kuwa makini kweli, manake siku ya operesheni daktari alikuwepo na vifaa vyake, leo anayeamua ni wewe.

Kabla ya hatua yoyote naomba hili liingie: mwili wa farasi haurudi wote kwa mpigo. Moyo na mapafu vinawahi, ndani ya wiki chache za mazoezi unaona pumzi imekaa. Misuli inafuata nyuma. Kano, ligamenti na mifupa ndo vinachelewa, hivyo vinadai miezi, na havipigi kelele vinapozidiwa mpaka siku vinaachia. Yaani kuna kipindi farasi wako anajisikia yuko fiti kabisa, anavuta hatamu anataka kukimbia, na mguu wake bado haujawa tayari kubeba hizo mbio. Wengi wanaumiza farasi wao kipindi hicho hicho, na sio kwa ukatili, ni kwa furaha tu ya kuona mnyama kachangamka. Kwa hiyo ratiba yako ifuate kile kilichokatwa na kushonwa, isifuate mzuka wa farasi wala wa kwako.

Hatua ya kwanza: jua vizuri alifanyiwa nini

Upasuaji sio kitu kimoja. Farasi aliyehasiwa ni habari tofauti kabisa na aliyefunguliwa tumbo. Aliyehasiwa kwa kawaida anapumzishwa siku ya kwanza, halafu anatakiwa atembezwe kila siku ili uvimbe ushuke na kidonda kimwage maji yake, kwa hiyo kumfungia bandani wiki nzima kwa huruma ni kumkosea. Wiki chache tu wengi wanarudi kazini.

Upasuaji wa koliki, yaani yale maumivu makali ya tumbo yanayofanya farasi afunguliwe, ndo safari ndefu. Kidonda kinapita katikati ya tumbo kwa chini, pale ambapo uzito wote wa matumbo umelalia, na ule ukuta ukifunga vibaya au ukipata maambukizi unaweza kuachia ngiri. Mpango ambao madaktari wengi hutoa ni siku kama 30 bandani na kutembezwa kwa kamba, halafu 30 kwenye uwanja mdogo wenye uzio, halafu 30 nyingine kwenye uwanja mkubwa, ndipo tandiko lifikiriwe. Jumla miezi mitatu, na kama kidonda kilisumbua inazidi.

Upasuaji wa kiungo kwa kamera, wa kutoa kipande cha mfupa au gegedu, unaacha vitundu vidogo sana nje, na vinadanganya watu kweli. Ngozi inapona haraka, ndani ya kiungo bado kazi inaendelea, na hata ule mwepesi huwa unadai miezi kadhaa. Kano sasa, hapo tulia kabisa, miezi 9 hadi 12 ni kawaida kabla ya kazi kamili. Kano iliyoumia haijirudishi kama ilivyokuwa, inajiziba kwa nyuzi za kovu ambazo zinatakiwa kujipanga taratibu kufuata mvuto, na zinajipanga kwa kazi ndogo ndogo inayoongezwa polepole. Ukikaa bila kumfanyisha kitu chochote hazijipangi vizuri, ukizidisha zinakatika.

Hatua ya pili: ruhusa ya daktari, na iwe ruhusa yenye maelezo

"Unaweza kuanza kumpanda" haitoshi. Anza na nini? Dakika ngapi? Ardhi gani? Naruhusiwa kumzungusha kwenye duara? Nikiona kavimba nikupigie au nisubiri? Muulize haya yote na uandike majibu, tena pale pale, maana ukifika nyumbani utakuwa unakumbuka lile la kwanza tu.

Kama ni mguu, omba aangaliwe upya kwa altrasaundi au eksirei kabla ya kupandisha kazi, sio mwanzo tu bali kila unapotaka kuvuka ngazi, mfano kutoka kutembea kwenda troti, ule mwendo wa mchakamchaka. Macho hayaoni ndani ya kano. Pia daktari amwone akitroti kwa kamba kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, kuchechemea kudogo kunaonekana hapo kuliko kwenye mchanga.

Na dawa za maumivu ziwe zimeisha mwilini. Farasi anayepewa fenilibutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, halafu unampanda, huna habari zake zozote, umeziba mdomo wa mtu pekee anayejua panapouma. Hata akionekana yuko vizuri, huo sio uzima.

Hatua ya tatu: mkague kwa mikono yako

Anza na kovu. Pitisha vidole polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono ukiwa hauna glavu. Unatafuta joto, unyevu, kidole kuzama kama kwenye shimo, au kinundu kinachorudi ndani ukikibonyeza. Kwenye tumbo bonyeza pembeni ya kovu kwa kidole kimoja halafu toa, kikibaki kibonyeo bado kuna maji yamekaa hapo. Mtazame masikio wakati unafanya hivyo. Akirudisha masikio nyuma, akiinua mguu wa nyuma au ngozi ikimsisimka kila ukifika sehemu ile ile, hiyo sio tabia mbaya, anakujibu. Rudi kwa daktari kwanza.

Halafu mgongo. Farasi aliyekaa miezi anapungua misuli pembeni ya uti wa mgongo na nyuma ya mabega, mgongo unachongoka juu, huku tumbo limening'inia. Sasa lile tandiko lililomkaa vizuri kabla ya upasuaji leo linaweza kugusa uti wenyewe au kumbana mabega. Liweke bila pedi, ingiza vidole chini yake mbele, katikati na nyuma, uone kama linalala sawasawa au linaning'inia hewani katikati. Ukiweza mwite mtaalamu wa matandiko, na ujue atahitajika tena baada ya miezi michache kwa sababu misuli ikirudi umbo linabadilika tena. Kuongeza pedi nene juu ya tandiko linalobana ni kama kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kidogo.

Aliyepasuliwa tumbo, angalia pia mkanda wa tandiko unapita wapi. Kovu lenyewe mara nyingi liko nyuma ya mkanda, lakini uvimbe unaweza kusambaa mbele ukafika pale. Kaza taratibu, tundu moja moja, mtembeze, kaza tena.

Kwato zisisahaulike. Kipindi cha kupumzika watu wanaacha zirefuke, halafu farasi anarudi kazini na ncha ya mbele ya kwato ndefu inayovuta kano kila hatua. Zikatwe kwa mzunguko wake wa wiki 6 hadi 8 kama kawaida, na kama alivuliwa viatu, amua mapema kama atavishwa tena kabla ya kupandwa, sio baada ya kuanza kuumia nyayo.

Chakula nacho. Najua mtu anaona farasi kakonda mgongo anamuongezea nafaka ili apate nguvu. Usifanye hivyo kwanza. Misuli inaletwa na kazi, nafaka bila kazi inaleta vurugu na mafuta tu, na wewe ndo utakayekuwa juu ya hizo vurugu siku ya kwanza. Nyasi kavu nzuri ndo msingi, kazi ikiongezeka ndipo chakula kifuate. Badiliko lolote lichukue wiki moja na nusu hadi mbili, hasa kwa aliyepata koliki, matumbo yake hayapendi kushtukizwa. Na maji yawe karibu muda wote.

Hatua ya nne: kazi ya chini kabla ya kazi ya juu

Hapa ndo penye utamu na ndo watu wanaparuka. Kabla hujapanda farasi awe anaweza kutembea kwa kamba dakika 30 hadi 40 mfululizo bila kuchoka, bila kujikwaa na bila kukuburuza. Tembea kweli, hatua ndefu zenye nia, sio kuburuzana kula majani kila kona.

Daktari akikubali ongeza mazoezi ya karoti. Unasimama pembeni ya farasi akiwa amesimama sawa kwa miguu minne, unashika kipande cha karoti, unamfanya alete kidevu kifuani, halafu katikati ya magoti ya mbele, halafu ubavuni, halafu kuelekea nyonga, kila upande. Ashikilie kama sekunde 5 ndo apewe. Ukiwa pale ubavuni utaona kabisa tumbo linajikaza na mgongo unainuka kidogo, hiyo ndo misuli unayoitaka. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ambapo farasi walifanyishwa mazoezi ya aina hii kwa miezi mitatu, na ile misuli ya ndani inayoshikilia uti wa mgongo ikaongezeka unene bila mtu kuwapanda. Kwa mwenye koliki subiri ukuta wa tumbo ufunge ndo uanze, usijiamulie.

Kingine ni kumrudisha nyuma hatua chache akiwa ametulia, na kumpitisha juu ya magogo yaliyolazwa chini kwa mwendo wa kutembea. Kumwongoza kwa hatamu ndefu ukiwa nyuma yake ni kuzuri mno, anarudia kusikiliza mdomoni na kwenda mbele mwenyewe bila uzito mgongoni.

Kumzungusha kwenye duara kwa kamba ndefu ili apunguze mzuka, mimi nasema hapana, hasa kama ni mguu. Duara dogo linamkamua kiungo upande mmoja, na farasi mwenye mzuka hatembei kwenye lile duara, anaruka ruka na kuteleza. Unaweza kupoteza kazi ya miezi sita kwa dakika tano.

Hatua ya tano: siku ya kupanda

Chagua siku tulivu isiyo na upepo mkali, saa ambayo farasi wengine wako karibu wanakula au wametulia. Awe ametoka nje kabla, ametembezwa kwa kamba dakika 15 au 20. Usimtoe bandani moja kwa moja ukamtupia tandiko. Kofia ngumu kichwani, kamba ya shingoni ya kushikilia ili ukipoteza mizani usimvute mdomo, na mtu unayemwamini amshike kwa chini. Kama unajua farasi wako ni wa moto sana, mpe mpandaji mwepesi mwenye uzoefu apande siku hizo za kwanza, hakuna aibu hapo.

Panda kutoka kwenye kipandio, sio kujivuta kutoka chini kwa kikuku, ule mvuto wa upande mmoja kwenye mgongo uliolegea unaumiza. Egemea kwanza kwa tumbo juu ya tandiko, mwache ausikie uzito, mguse shingo, ongea naye. Akiwa ametulia ndo pitisha mguu, ukae taratibu kama unakalia yai. Usimwambie aende papo hapo. Subiri apumue, sikio moja likugeukie. Halafu mwenzako aanze kutembea na yeye afuate.

Siku hiyo dakika 10 zinatosha kabisa. Mistari iliyonyooka, kona pana, ushuke akiwa bado anataka kuendelea.

Uzito pia una maana. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008 ulipima farasi wakibeba mizigo tofauti, na walipofika asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa mwili wao ndipo misuli ilianza kuuma na kukakamaa zaidi, wakati kwenye asilimia 15 na 20 hali ilikuwa afadhali. Farasi wa kilo 500 basi asibebeshwe zaidi ya kilo 100, tandiko likiwemo, na hao walikuwa farasi wazima. Anayetoka upasuaji mpe chini ya hapo.

Kuna wanaoshauri farasi apewe dawa ya kumtuliza kidogo. Kwa kumtembeza kwa kamba daktari anaweza kuamua hivyo na inasaidia kweli. Kwa kumpanda usijifanyie mwenyewe hata siku moja, farasi mwenye usingizi anajikwaa, na akishtuka anashtuka vibaya.

Hatua ya sita: wiki za kutembea tu

Zinaboa, nakubali, lakini ndo zinazojenga. Mpango unaofanya kazi kwa wengi ni kuanza na dakika 10 hadi 15, unaongeza kama dakika 5 kila wiki mpaka unafika 40 au 45 za kutembea kwa nguvu. Ardhi iwe tambarare na imara kiasi. Mchanga mzito unavuta kano, na ardhi yenye mashimo inakunja viungo, ziache zote mbili. Mlima mpole baadaye ni dawa ya makalio na mgongo, ila kwa kuupanda tu, kushuka kunamwelemea miguu ya mbele.

Shika sheria moja: ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ama muda, ama mwendo, ama ardhi mpya. Ukiongeza vyote vitatu wiki moja na asubuhi ukakuta mguu umevimba hutajua kilichosababisha.

Hatua ya saba: troti, halafu kanta, halafu kuruka

Troti inaanza kwa dakika moja au mbili katikati ya matembezi, mstari ulionyooka, wewe ukiinuka na kukaa kwa mdundo ili usimkalie mgongo muda wote. Badilisha mara kwa mara ile jozi ya miguu ya farasi unayokaa inapogusa chini. Wiki inayofuata ongeza dakika chache zaidi, na baada ya kila mkupuo mrudishe kutembea mpaka pumzi itulie.

Kanta, yaani mbio za wastani, isiguswe mpaka anatroti dakika 15 hadi 20 kwa jumla bila tatizo siku ile wala kesho yake. Na iwe kwenye nafasi pana, sio duara. Kuruka viunzi na mbio za shoti ni za mwisho kabisa, na kwa farasi wa kano usizianze bila altrasaundi nyingine. Siku za kupumzika ziwepo kila wiki, mifupa na kano vinajijenga siku hizo.

Kila siku, kabla na baada

Pima mapigo ya moyo akiwa ametulia, farasi mzima yuko kati ya 28 na 44 kwa dakika. Pumzi 8 hadi 16, joto la mwili kama nyuzi 37.2 hadi 38.3. Baada ya kazi nyepesi mapigo yanatakiwa yameshuka chini ya 60 ndani ya dakika 10 hivi, yakichelewa, ama kazi imezidi ama kuna kinachomuuma. Shika miguu yote minne kila asubuhi kwa wakati ule ule, mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake unaujua kwa kiganja hata kabla uvimbe haujaonekana. Andika kwenye daftari, mistari miwili inatosha, manake baada ya mwezi kumbukumbu inachanganya siku.

Na ukiwa juu, msome. Daktari wa farasi wa Uingereza Sue Dyson na wenzake waliorodhesha tabia 24 za farasi anayepandwa, kazi yao ikatoka mwaka 2018: masikio kulala nyuma kwa sekunde kadhaa, kupiga mkia, kufungua mdomo muda mrefu, macho kukodoa, kupinda kichwa, kujikwaa, kukataa kwenda. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi kati ya hizo kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Kwa hiyo mtu akikwambia "huyo ni mkaidi, mchape," farasi ambaye kabla ya upasuaji hakuwa hivyo, usimsikilize.

Ukiona kavimba, kachechemea au mgongo unamuuma ukiugusa, simama. Mpumzishe, mpigie daktari, na akikuruhusu tena usirudi pale ulipoishia, rudi ngazi ile ya mwisho aliyofanya bila shida, ukae hapo wiki moja au mbili ndo upande tena. Lakini kuna vitu havisubiri asubuhi: kovu la tumbo linalotoa maji au kuvimba ghafla, farasi aliyewahi koliki anayejitazama ubavuni, anayekwangua chini kwa mguu au aliyeacha kula na kunya, na farasi anayekataa kabisa kukanyaga mguu mmoja. Hapo mtoe tandiko, ondoa chakula, na piga simu saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.